Nyumba ya Kupangisha na Nia ya Kuhamia Baadaye

Nyumba inayonunuliwa ili ipangishwe sasa, na huenda mwenyewe akahamia baadaye, hubeba nia mbili kwa wakati mmoja. Pande za bara za Mombasa, yaani Likoni ng'ambo ya kivuko, Kisauni kaskazini na Changamwe magharibi, ununuzi wa namna hii ni jambo la kila siku. Karani wa bandarini, mwalimu, au kijana anayefanya kazi Doha hununua nyumba Mtongwe, Mlaleo au Chaani, huweka wapangaji, na moyoni huazimia kwamba akistaafu atakuja kukaa. Kwa Muislamu, azimio hilo huzua swali la dini: nia ya baadaye ina uzito gani katika mali yenyewe, katika zaka yake, na katika haki ya yule anayelala humo leo? Mafundisho ya Mtume yanayofungamanisha amali na nia ndiyo yanayofungua Sahihi ya Bukhari, na kila mwanafunzi wa madrasa huyajua. Hata hivyo mafakihi hawakuiachia nia kila kitu. Walipambanua mahali inapotosha peke yake na mahali isipotosha.

Nyumba yenyewe mara nyingi ni ya Kiswahili: ukumbi mrefu unaotoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, paa la mabati lililochukua nafasi ya makuti, baraza mbele, na uani choo, bafu na mahali pa kupikia. Kila chumba kina mpangaji wake. Jiko la makaa hukaa nje ya mlango, mitungi ya maji hupangwa ukumbini, na mita ya stima ikiwa moja, pesa za tokeni huchangwa. Kwa hiyo anayesema atahamia anazungumzia mahali ambapo tayari pana familia sita zenye vitanda, watoto wa shule na madeni ya dukani.

Chini ya nyumba hiyo kuna jambo zito zaidi. Sehemu kubwa ya Kisauni na Likoni, na baadhi ya mitaa ya Changamwe, imejengwa kwa mtindo unaojulikana Mombasa kama nyumba bila ardhi. Mwenye nyumba anamiliki kuta na paa; ardhi ni ya mwingine, naye hulipwa kodi ya kiwanja. Mtindo huu una mizizi katika fikihi na desturi za Waswahili, ambazo zinakubali jengo au mnazi uwe wa mtu mmoja na udongo uwe wa mwingine. Sheria ya Kiingereza iliyoingia na ukoloni huona kinyume: kilichoshikamana na ardhi hufuata ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani wawasilishe madai yao ya umiliki, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Wengi waliokaa na kulima kwa vizazi hawakupata karatasi, na vitukuu vyao leo huitwa maskwota mahali walipozikwa babu zao. Kadhia ya shamba la Waitiki huko Likoni, lenye ekari 930, ilitokana na jeraha hilo. Watu walilikalia tangu machafuko ya mwaka 1997, serikali ikalinunua, na Januari 2016 hati zikaanza kutolewa, wakazi wakitakiwa walipe shilingi 182,000 kila mmoja.

Anayenunua nyumba bila ardhi ananunua haki ya kweli, lakini haki inayotegemea ridhaa ya mtu wa tatu. Benki haiwezi kuichukua rehani, kwa kuwa hakuna hati, na kwa hiyo wanunuzi wengi hutumia akiba, chama au pesa zilizotumwa kutoka Ghuba. (Hilo angalau huwaepusha na riba, hata kama si wao waliochagua hivyo.) Upande wa dini, mauziano haya ni sahihi iwapo mnunuzi anafahamu kwamba anauziwa jengo peke yake. Dalali au muuzaji akificha deni la kodi ya kiwanja, au kesi ya kuhamishwa iliyoko mahakamani, ameficha aibu ya bidhaa, na mnunuzi ana hiari ya kurudisha mali na kudai pesa zake. Saini iliyowekwa mbele ya mzee wa mtaa au chifu haifuti hiari hiyo.

Katika zaka ndipo nia inapofanya kazi kubwa. Nyumba ya kukaa haina zaka. Nyumba iliyonunuliwa kwa nia ya kuiuza kwa faida ni mali ya biashara, na thamani yake hutolewa zaka ya asilimia 2.5 kila mwaka. Nyumba ya kupangisha iko katikati: jengo halitolewi zaka, ila kodi inayobaki mkononi, ikitimiza nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, na kuzungukiwa na mwaka, hutolewa asilimia hiyo hiyo. Huo ndio uamuzi wa Baraza la Fikihi la Kiislamu la Jeddah katika kikao chake cha mwaka 1985. Sheikh Yusuf al-Qaradawi aliona vingine. Alikisia nyumba za kupangisha kwa shamba, na kutaka asilimia 10 ya pato baada ya gharama. Tofauti si ndogo. Tuseme vyumba sita vinaleta shilingi 288,000 kwa mwaka na gharama ni 48,000. Kwa al-Qaradawi, zaka ni shilingi 24,000. Kwa uamuzi wa Jeddah, ikiwa zimebaki 100,000 tu na pamoja na akiba nyingine zimefika nisabu, zaka ya hizo ni 2,500. Rai ya al-Qaradawi haina wafuasi wengi, lakini inagusa jambo la kweli: mwenye majumba kumi anayetumia kodi yote kabla ya mwaka kutimia anaweza asitoe chochote, ilhali mkulima wa mahindi hutoa siku ya mavuno.

Je, yule asiye na hakika, anayewaza kupangisha, labda kuhamia, labda kuuza bei ikipanda? Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani, mali haiwi ya biashara mpaka ipatikane kwa mabadilishano na nia ya biashara iwepo wakati huohuo. Nia yenye shaka haitoshi. Halafu kuna kanuni inayostahili kutafakariwa. Mali ya biashara hugeuka kuwa ya matumizi kwa nia peke yake, bali mali ya matumizi haigeuki kuwa bidhaa kwa nia peke yake. Lazima auze kweli. Mafakihi walieleza kwamba asili ya vitu vya mtu ni kutumiwa, na kurudi kwenye asili ni rahisi kuliko kuiacha. Kwa nyumba, maana yake ni kwamba dini inaiona kwanza kuwa makazi, na bei yake huja nyuma.

Uwezo huo wa nia unakoma kwa mpangaji. Upangaji ni mkataba wa kuuza manufaa, na kwa Mashafi unazifunga pande zote mbili. Hauvunjwi kwa sababu mwenye nyumba amepata haja ya kukaa mwenyewe, wala kwa kuuzwa nyumba, wala kwa kifo. Sharti lake ni muda ujulikane. Imam al-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, anaeleza kwamba kupangisha kwa kauli ya kila mwezi kwa kiasi fulani, bila kutaja mwisho, hakusihi. Madhehebu mengine yanaruhusu. Vyumba vya Likoni na Changamwe hupangishwa hivyo hivyo, mwezi kwa mwezi, na sheria ya Kenya kwa kawaida hutosheka na notisi ya mwezi mmoja. Hapo mwenye nyumba anayejua kwamba atahamia baada ya miaka miwili, akanyamaza, hajavunja sheria ya nchi. Lakini mama aliyelipa amana, akapaka rangi chumba na kuwaandikisha watoto shule ya jirani amejenga maisha juu ya jambo alilofichwa. Rai ya Imam al-Nawawi inafaa zaidi hapa, kwa sababu humlazimisha mwenye nyumba kuitoa nia yake moyoni na kuitamka kama muda: mwaka mmoja, au miwili.

Wako wanaokufa kabla ya kuhamia. Mirathi ya Waislamu husikilizwa na kadhi, na warithi hupokea nyumba pamoja na mikataba ya wapangaji iliyomo, pamoja pia na deni la kodi ya kiwanja kama lipo. Nia ya marehemu ya kukaa huko hairithiwi. Na hata wakiazimia siku ileile kuiuza, haiwi mali ya biashara mikononi mwao, kwa kuwa mirathi si mabadilishano: zaka huwapata katika pesa, baada ya kuuza na kupita mwaka.