Kenzera Iko Wapi?

Chukulia nyumba moja kaskazini mwa jiji la Buffalo, hatua chache kutoka barabara ya Hertel, jioni ya mwezi Januari. Theluji iliyoletwa na upepo wa Ziwa Erie imefunika ngazi za mbele. Sebuleni kijana wa miaka 15 anacheza mchezo wa video, na katika runinga zinasikika sauti za watu wanaozungumza Kiswahili. Bibi yake, anayechambua maharage mezani, ananyanyua kichwa. Tangu wafike Marekani hajazoea runinga hiyo kusema lugha yake. Anamsikia kijana wa kwenye mchezo akimlilia baba yake aliyekufa, anatazama milima na mibuyu asiyoitambua, kisha anauliza:

"Hapo ni wapi, mjukuu wangu?"

"Kenzera, bibi."

"Kenzera iko wapi?"

"Haipo."

Bibi anarudi kwenye maharage yake, lakini swali halirudi naye. Ikiwa nchi hiyo haipo, yule analiliwa wapi? Na je, ni halali mtoto aliyeshindwa kuhudhuria mazishi ya babu yake mwenyewe kujifunza kuomboleza katika nchi ambayo haina hata kaburi moja la kweli?

Mchezo wenyewe ni Tales of Kenzera: Zau, uliotolewa Aprili 2024 na studio ya Surgent ya Uingereza. Mwanzilishi wa studio hiyo ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye wapenzi wa michezo walikwisha kuijua sauti yake kupitia Bayek wa Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017. Baba yake Salim alifariki mwaka 2013, na mchezo huu umetokana na msiba huo. Ndani yake mna hadithi mbili, moja katika tumbo la nyingine. Katika mji wa kesho uitwao Amani, kijana Zuberi amefiwa na baba, naye ameachiwa kitabu alichokiandika marehemu. Kitabu hicho kinasimulia habari za Zau, mganga kijana wa Kenzera, ambaye naye amefiwa na baba. Zau anamwita Kalunga, mungu wa mauti, na kufanya naye mapatano: atamletea mizimu mitatu mikuu iliyokataa kwenda kuzimu, na badala yake arudishiwe baba yake. Mchezaji anaweza kuisikiliza safari yote kwa Kiswahili.

Lawama ya kwanza dhidi ya Kenzera ni nzito, wala haifai kupuuzwa. Mizimu hiyo mitatu haikutoka nyumba moja. Impundulu, ndege wa radi, ni wa Wazulu na Waxhosa. GaGorib ni wa Wakhoikhoi, ambao hata si Wabantu. Katika masimulizi yao huketi ukingoni mwa shimo akiwachokoza wapita njia wamtupie mawe, na jiwe humrudia aliyelitupa. Kikiyaon, mla roho, ametoka Afrika ya Magharibi. Kalunga ni jina la Kongo na Angola, na kwa Wakongo hutaja zaidi maji yanayowatenga walio hai na wafu kuliko mtu wa kupatana naye. Juu ya wote hao imetandazwa lugha ya pwani ya mashariki. Hapajapata kuwapo kijiji kilichowaogopa wote hawa kwa pamoja. Mkosoaji atasema kwamba hivi ndivyo wageni walivyoitazama Afrika siku zote, kama kapu moja ambalo kila mtu huchota akitakacho, na kwamba kosa halipungui kwa sababu mchotaji safari hii ni mtoto wa nyumbani.

Jibu la haraka ni kwamba fasihi ya Kiswahili haijawahi kuidai nchi ya kubuni ramani. Shaaban Robert alipochapisha Kusadikika mwaka 1951, aliiweka nchi yake angani, na hakuna msomaji aliyelalamika kwamba haina mipaka. Euphrase Kezilahabi katika Nagona na Mzingile aliwatembeza wahusika wake mahali pasipoweza kuonyeshwa kwa kidole. Lakini jibu hili halitoshi. Msomaji wa Kusadikika aliyeishi chini ya utawala wa kikoloni alijua fika ni mabaraza gani yaliyokuwa yakishtakiwa. Nchi ile ilikuwa angani ili iweze kuitazama nchi iliyokuwa chini. Kenzera haikusudii kushtaki serikali yoyote. Kwa hiyo haiwezi kujikinga kwa ngao ya Shaaban Robert mpaka ioneshe kwamba nayo kuna kitu halisi inachokitazama.

Kitu hicho ni kifo, na hapo ndipo mandhari ya mchezo huu yanapokutana na ugumu wake mkubwa zaidi. Michezo ya aina hii imejengwa juu ya uongo mmoja kuhusu mauti. Mhusika akitumbukia shimoni, baada ya nukta chache husimama tena pale alipoanzia, mzima kama alivyokuwa. Zau naye hufa hivyo mara mia mikononi mwa mchezaji asiye na subira, na mara mia hurudi. Baba yake peke yake ndiye asiyerudi. Kijana wa Hertel anaweza kuiona hitilafu hii akawa na haki ya kuuliza: mbona mimi nafufuka bure, na yeye hafufuki hata kwa mizimu mitatu? Huenda watunzi hawakukusudia swali hilo. Huenda ni matokeo tu ya jinsi mashine zinavyofanya kazi. Hata hivyo ni swali la kweli. Aliyefiwa hulala akaamka kila siku, na kila anapoamka hukuta kwamba kuamka huko ni kwake tu. Safari ya Zau inamfundisha polepole kwamba kosa halikuwa katika masharti ya mapatano. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mauti ni mfanyabiashara.

Somo hilo halihitaji mibuyu wala vinyago vya jua na mwezi. Lingeweza kufundishwa katika nyumba yoyote ya Buffalo. Kwa nini basi Kenzera? Neno moja la Kiswahili linasaidia hapa. Katika Adili na Nduguze, Shaaban Robert alimpa mfalme Rai nchi iitwayo Ughaibu. Leo neno hilohilo, likiwa na kiambishi cha mahali, ndilo linalotaja walipo wahamiaji: ughaibuni, mahali pa kutokuwapo. Kwa desturi hueleweka kwamba asiyekuwapo ni yule aliyeondoka. Lakini kwa mtoto aliyekulia Buffalo, kisichokuwapo ni nyumbani. Makaburi ya Forest Lawn, yaliyoanzishwa mwaka 1849, hayako mbali na mtaa wake, naye huyapita bila kuwa na mtu wake humo. Babu yake amezikwa ng'ambo ya bahari, na habari za kifo chake zilifika kwa simu usiku wa manane, wakati karatasi za safari za familia zilikuwa hazijakamilika. Matanga yalikaliwa kwingine. Mtoto huyo alirithi msiba bila mahali pa kuuweka.

Wazazi hujitahidi kumjengea mahali hapo kwa masimulizi. Lakini sikiliza masimulizi yenyewe: kipande cha Uvira, kipande cha kambi ya Nyarugusu, maneno ya Kibembe, methali za shuleni Kigoma, nyimbo za kanisa zilizotoka Nairobi. Kila kipande ni cha kweli, lakini nyumba inayotokana navyo haijapata kusimama popote. Aliyeilaumu Kenzera kwa mchanganyiko wake aitazame kwanza ile anayoisimulia mezani. Tofauti iliyopo haielekei kuwapendelea wazee. Mchezo unakiri ubunifu wake tangu mwanzo. Umeuweka ndani ya kitabu, na kitabu ndani ya mji ambao haujajengwa. Masimulizi ya mezani huapa kwamba ndivyo kulivyokuwa. Anayekiri kwamba anabuni hadanganyi. Anayeficha ubunifu wake ndiye aliye na deni.

Deni hilo si la maneno matupu, maana kuna watu waliowahi kuyakanyaga masimulizi kwa miguu. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani kutoka eneo ambalo leo ni Tanzania wakapelekwa Somalia. Wajukuu wao waliishi bonde la Juba wakiihifadhi lugha ya Kizigua pamoja na kumbukumbu ya walikotoka. Vita vilipoivunja Somalia mwaka 1991, baadhi yao walishika njia ya kusini mpaka Tanga. Walipewa makazi huko Chogo, Handeni, na serikali ya Tanzania ikawapa wengi wao uraia. Ndugu zao wengine walipelekwa Marekani kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000. Nchi iliyokuwa hadithi kwa vizazi kadhaa ilikutwa ikiwa na udongo na watu wanaoelewa salamu. Laiti wahenga wangeipamba hadithi hiyo kupita kiasi, vitukuu wangetembea kuelekea mahali pasipokuwapo. Masimulizi ya nyumbani yanadaiwa ukweli kwa sababu siku moja mtu anaweza kuyafuata.

Kenzera haifuatiki, na kwa sababu hiyo haidaiwi ukweli wa aina hiyo. Inadaiwa kitu kingine: kwamba majina iliyoyaazima yabaki na njia ya kurudia kwa wenyewe. Impundulu aweze kumfikisha mchezaji kwa Wazulu, GaGorib kwa Wakhoikhoi ambao ardhi yao yenyewe iliporwa. Mchezo peke yake hauwezi kulilipa deni hilo lote. Sehemu kubwa inamwangukia anayeketi karibu na mchezaji. Nchi ya kubuni inaweza kumpa mtoto ujasiri wa kusema kwamba amefiwa; haiwezi kumwambia ni nani aliyekufa. Ikiachwa ifanye kazi zote mbili, itamwachia huzuni nzuri isiyo na jina. Na mtu mzima anayeikataa kwa sababu tu haipo kwenye ramani huenda anakwepa swali ambalo mchezo umelifungua na ambalo yeye ndiye pekee mwenye jibu lake.

Turudi kwenye ile sebule. Mchezo umekwisha, Zau ameagana na baba yake, majina ya watunzi yanapanda kwenye kioo. Kijana ameweka chini kifaa chake lakini hajaondoka. Bibi ameshamaliza maharage, naye pia hajaondoka.

"Bibi," anasema, "babu alizikwa upande gani wa mto?"

Katika miaka yote hiyo hajawahi kuuliza kama kuna mto. Bibi anafuta mikono kwa kanga, anasogeza kiti, na kuanza na jina la mto.