Kunyonyesha na Kupanga Uzazi: Kosa Letu na Wajibu Wetu

 

Ndugu zetu Waislamu, mmezoea kutuona katika kurasa hizi tukiwakosoa wengine: bidaa za makaburini, israfu za harusi, uganga na hirizi. Leo twaanza na kosa letu wenyewe. Katika darsa zetu hapa Kisumu tulipata kusema, na tukalirudia neno hilo zaidi ya mara moja, ya kwamba mwanamke anyonyeshaye miaka miwili kamili hana haja ya njia nyingine ya kujikinga na mimba, kwani Mwenyezi Mungu amekwisha mkinga. Tulisema hivyo kwa nia njema. Lakini nia njema haimwondolei msemaji dhima ya neno alilolisema bila ya ujuzi.

Mama mmoja, mchuuzi wa omena, alilisikia neno hilo kwa mumewe akalishika. Mtoto wake alipofika miezi minane, naye hajaona hedhi hata mara moja tangu kujifungua, akatambua kuwa ni mja mzito. Mumewe akasema maziwa yake yana kasoro. Wakwe wakasema mtoto amebemendwa. Basi mtoto akaachishwa ziwa kwa siku moja, akapewa uji mtupu, akaanza kukonda. Mama yule akatuletea swali kwa kupitia mke wa mwenzetu mmoja, nalo lilikuwa fupi: "Katika haya, mimi nimemkosea nani?" Hatukuwa na jawabu siku ile. Makala haya ndiyo jawabu yetu.

Tuanze na sheria. Wako wasemao ya kwamba kunyonyesha ni wema mkubwa, ila mwenye kunuia kwa kunyonyesha kwake kujizuia mimba ameiharibu nia yake. Sisi hatuoni hivyo. Sahaba Jabir amesimulia kuwa walikuwa wakifanya azli, yaani kumwaga nje, katika zama za kuteremka Kurani, wala hawakukatazwa. Na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoieleza azli katika kitabu chake cha Ihya aliiangalia nia ya mtu: hakumlaumu mwenye kuchelea uhai wa mkewe wala mwenye kuogopa mashaka ya wingi wa watoto, lakini alimlaumu mwenye kukimbia kuzaa mtoto wa kike. Ikiwa azli imeruhusiwa, nayo ni tendo lisilo na faida yoyote kwa mtoto aliyeko, itakuwaje kunyonyesha kulaumiwe, na mwenye kufaidi kwanza ni mtoto? Mama atakaye mwanawe apate haki yake kabla hajaja mwenziwe haikimbii riziki ya Mwenyezi Mungu. Aihifadhi ile iliyokwisha kumfikia.

Pili, tutazame tulikosea wapi. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu ametaja kunyonyesha kwa miaka miwili kamili kwa mwenye kutaka kuutimiza muda huo. Aya hiyo yaeleza haki ya mtoto ya kunyonya. Haikusema kuwa muda huo wote mama hatashika mimba. Hilo tuliliongeza sisi. Tulichanganya haki na kinga, na haki ina muda wake, na kinga ina muda wake.

Kinga yenyewe ni ya kweli, wala si hadithi za vikongwe. Mtoto anyonyapo, mishipa ya fahamu hupeleka khabari kutoka kifuani mwa mama mpaka ubongoni, na ubongo ukapunguza homoni zile ziamrishazo yai kupevuka. Kadiri anyonyavyo mara nyingi, mchana na usiku, ndivyo yai linavyochelewa. Mwaka 1988 wataalamu wa mambo haya walikutana Bellagio, katika nchi ya Italia, wakakubaliana ya kwamba kunyonyesha kwaweza kumkinga mama kwa zaidi ya sehemu 98 katika 100, lakini kwa masharti matatu yakiwa pamoja.

Sharti la kwanza, hedhi iwe haijarudi. Damu ya siku 56 za mwanzo haihesabiwi kuwa ni hedhi, na hili li karibu na yale tuyajuayo katika fikihi, kwani mwisho wa nifasi kwa madhehebu ya Imamu Shafii ni siku 60. Sharti la pili, mtoto awe hapewi kitu ila ziwa la mama, au kisichozidi tone la kuonja, na baina ya kunyonya na kunyonya zisipite saa nne mchana wala saa sita usiku. Sharti la tatu, mtoto awe hajatimiza miezi sita. Likivunjika moja katika matatu haya, basi kinga haitegemewi tena, na mwenye kutaka nafasi hana budi kuingia njia nyingine siku ile ile asingoje kesho.

Msomaji atauliza: kwa nini miezi sita, na huyu mama hajaona damu? Ni kwa sababu yai hutangulia na damu hufuata. Hedhi huja baada ya yai kupevuka bila ya kupata mimba. Likipata mimba yai lile la kwanza kabisa, mama hataona damu. Na baada ya miezi sita mtoto huanza kula, hunyonya kwa uchache, na yai huweza kupevuka wakati wowote. Hivyo ndivyo ilivyompata mwenzetu. Maziwa yake hayakuwa na kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa katika darsa yetu.

Tatu, hili neno la kubemenda. Wazee wetu wa pwani walisema kuwa wazazi wakikutana mapema, maziwa huharibika na mtoto hudhoofika. Na jirani zetu Wajaluo wana khofu ya namna hiyo katika mambo ya chira. Tusiwacheke wazee, kwani waliyoyaona kwa macho yalikuwa kweli: mtoto ambaye mamake ameshika mimba upesi mara nyingi hukonda. Walikosea sababu. Hata jina la maradhi ya kwashakoo, aliloliandika daktari Cicely Williams katika miaka ya 1930 alipokuwa akifanya kazi nchi iitwayo leo Ghana, latokana na lugha ya Waga wa huko, na maana yake ni maradhi ya mtoto aliyeondolewa ziwani kwa kuja mwenziwe. Kinachomdhuru mtoto ni kunyang'anywa ziwa na kulishwa wanga mtupu. Kukutana kwa wazazi hakuyaharibu maziwa. Na mama mwenye mimba isiyo na matatizo aweza kuendelea kunyonyesha. Maziwa yaweza kupungua na kubadilika ladha, lakini hayawi sumu.

Na tazama, ndugu msomaji, mwenendo wa Mtume wetu (S.A.W.) katika jambo hili hili. Imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa alikusudia kukataza mume kumkaribia mkewe anyonyeshaye, kisha akawakumbuka Warumi na Waajemi ambao hufanya hivyo na watoto wao hawadhuriki, akaacha kukataza. Aliangalia yanayotokea kwa watu, hata watu wasiokuwa wa dini yake, akahukumu kwa hayo. Ikiwa yeye alifanya hivyo, sisi tuna udhuru gani wa kulikataa neno la mkunga aliyesoma?

Nne, na hapa ndipo penye uzito. Aya ile tuliyoitaja haikumwachia mama mzigo peke yake. Imemwekea baba juu yake chakula na mavazi ya mama kwa wema, imekataza mzazi yeyote asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe, na imeweka kumwachisha mtoto mapema kuwe kwa kuridhiana na kushauriana wote wawili. Sasa tutazame kando ya Ziwa letu. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mashua hurudi alfajiri. Mwanamke atakaye kununua Dunga, au Kendu Bay, au Usenge, huamka saa kumi za usiku amwache mtoto kwa bibi yake, na bibi kwa huruma na kwa joto la Kisumu humpa maji na uji mwepesi, hali maziwa ya mama zaidi ya sehemu 80 katika 100 ni maji. Kisha mama aenda Kibuye kuuza, arejea jioni. Sharti la pili limekwisha vunjika kabla jua halijapanda. Hata akikamua maziwa akayaacha nyumbani, jambo ambalo ni jema kwa mtoto, kinga yake mwenyewe hupungua, kwani mkono haufanyi kazi ya kinywa cha mtoto.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imempa mwanamke aliyeajiriwa miezi mitatu ya likizo ya uzazi, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imewataka waajiri waweke pahala pa kunyonyeshea. Mchuuzi wa samaki hana mwajiri. Likizo yake ni mfuko wa mumewe. Basi mume amwambiaye mkewe "nyonyesha tu, Mungu atatulinda," kisha asiache fedha ya chakula nyumbani, amelivunja sharti kwa mkono wake, na mimba ikija akailaumu kudura. Huko siko kutawakali. Mtume (S.A.W.) alimwambia mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu.

Wako pia watakaouliza juu ya mama mwenye virusi vya Ukimwi, na swali hilo katika mji huu si dogo. Baina ya mwaka 2003 na 2009 ulifanywa uchunguzi hapa hapa Kisumu kwa akina mama 522 waliopewa dawa tangu ujauzito na katika miezi sita ya kunyonyesha. Watoto walipofika miezi 24, walioambukizwa walikuwa 7 katika 100. Uchunguzi kama huo uliondoa khofu nyingi, na tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limeshauri mama atumiaye dawa zake barabara anyonyeshe hadi miezi 24 au zaidi. Naye asiache dawa, wala asiache kushauriana na kliniki.

Basi la kufanya ni hili. Miezi sita ya kwanza, mwenye kuyatimiza masharti matatu ategemee kunyonyesha bila ya wasiwasi. Mtoto afikapo miezi mitano, mume na mke waende pamoja kliniki wachague njia ya kufuata: kitanzi, kipandikizi, sindano, mpira, au vidonge vya homoni moja visivyopunguza maziwa. Na kunyonyesha kuendelee mpaka miaka miwili. Wataalamu washauri mama asishike mimba nyingine kabla ya miezi 24 tangu kujifungua. Na hapo haki ya mtoto na siha ya mama hukutana.

Na kwako wewe mama uliyetuuliza: hukumkosea mtu. Ulilishika neno uliloambiwa kuwa ni la dini. Sisi tulilolisema ndio tuliokukosea, na mumeo aliyekulaumu amekukosea, na mtoto aliyeondolewa ziwani amekosewa kuliko sote. Arudishwe ziwani ikiwa bado ataka na kliniki haikuona dhara, aongezewe maharagwe, mayai na hiyo omena uiuzayo. Nasi tumeazimia kuisoma makala haya katika darsa ijayo mbele ya wanaume, pale pale tulipolisema lile neno la kwanza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyasema bila ya kujua, na atujaalie kuuliza kabla ya kufundisha. Amin.