Achanikaye kwa Mpini

Wazee walisema: achanikaye kwa mpini hafi njaa. Utotoni niliichukua methali hii kama ahadi ya udongo: lima tu, utakula. Siku hizi naamini wahenga hawakuwa wakiuzungumzia udongo. Walikuwa wakituambia sisi tunaoishi na mkulima na kununua kwake. Mtu aliyeota malengelenge shambani tusimwache alale na njaa.

Nenda Newala au Tandahimba, kusini mwa Tanzania, mwezi wa pili. Mahindi ya mwaka jana yamekwisha, mapya hayajakomaa, na mtoto anahitaji sare. Mikorosho imesimama kijani tupu, haina hata ua. Hapo ndipo anapobisha hodi mtu wa kangomba. Mizani hana, ana kopo la kupimia na pesa mkononi. Unapewa leo, utalipa korosho msimu ukifika, kwa bei mliyopatana siku uliyokuwa na njaa.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Na harusi yenyewe hapa ni kilo chache za unga.

Kazi yote inabaki kwa mwenye shamba. Yeye ndiye apalilie, yeye ndiye apulize salfa kuzuia ubwiriunga, usoni kajifunga kitambaa. Ikifika Oktoba, akina mama huinama chini ya miti kuokota mabibo yaliyodondoka. Nilimtazama mmoja: bibo mkono wa kushoto, korosho wa kulia, anainyonga mara moja, inaachia. Maji ya bibo yanamchuruzika hadi kiwikoni, na yakigusa kanga yanaacha doa lisilotoka. Anaanika, anachambua, anajaza gunia. Gunia lake la kwanza halikufika ghala la chama cha ushirika. Lilipakiwa kwenye pikipiki usiku, likaenda kwa mtu wa kangomba.

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kwenye korosho mwaka 2007 ili mzigo wa mkulima ukusanywe na kuuzwa kwa mnada, asipunjwe mlangoni kwake. Mwaka 2018, wakulima walipozigomea bei za mnada, serikali ilitangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo moja. Lakini bei ya mnada, hata ipande vipi, haimfikii aliyekwisha kuuza Februari.

Wapo wanaosema mkulima ni mjinga, mbona haweki akiba? Maneno hayo yananiuma. Zamani aliyeishiwa alikwenda kupalilia kwa jirani, akarudi jioni na kibaba cha nafaka. Aliuza jasho la siku moja. Wa leo anauza jasho la mwaka mzima kabla halijamtoka, na anayelinunua ni jirani pia, tena anamwita ndugu.

Yule mama aliniambia wameanzisha sanduku la akiba, wanawake wa mtaa mmoja, wanaweka kila Ijumaa baada ya swala. Lina kufuli tatu, na kila ufunguo unalala nyumba yake. Wamekubaliana lisifunguliwe kabla ya Februari.