Sindano Haipigi Ramli

Kila mwaka mpya mlango wangu haufungwi. Wanakuja mmoja mmoja na swali lilelile: "Mchungaji, umeonyeshwa nini juu yangu?" Huyu anangoja viza, yule anataka kujua kama mchumba ndiye. Nami sijaonyeshwa kitu.

Dira nayo ilianza kwa maswali hayohayo. Wachina wa enzi ya Han, yapata miaka 2,000 iliyopita, walikuwa na kijiko cha jiwe la sumaku ambacho mpini wake ukitulia huelekea kusini. Hakikwenda baharini. Kilikaa kwa wapiga ramli na waliochagua mahali pa kujenga nyumba, ili kiseme ya kesho. Ilipita karibu miaka elfu ndipo sindano ya sumaku ikapanda chombo. Zhu Yu aliandika mwaka 1119 kwamba manahodha walitazama nyota usiku na jua mchana, na mawingu yakifunga waliitazama sindano. Ilipoacha kutabiri ndipo ilipoanza kuokoa watu.

Na bado haisemi yote. Hapo Mugere, njia ya Rumonge hapa Burundi, mnalijua lile jiwe lenye majina ya wasafiri Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Dira walikuwa nayo. Walichokosa ni jibu la swali moja: je, mto Rusizi unaingia Ziwa Tanganyika au unatoka, ukielekea Nile? Kaskazini walionyeshwa na sindano, lakini mto ilibidi waufuate kwa mtumbwi hadi wauone kwa macho: unaingia. Wenyeji wa Uvira walikwisha kumwambia msafiri mwingine, Burton, hivyo mwaka 1858! (Wageni wetu wana masikio magumu, lakini na sisi tumo.)

Paulo hata hiyo sindano hakuwa nayo. Katika Matendo 27 jua na nyota hazikuonekana kwa siku nyingi, na tumaini lote la kuokoka likawaishia. Mabaharia walipoona kina cha maji kinapungua usiku wa manane, walitupa nanga nne nyuma ya merikebu, wakaomba kupambazuke.

Basi wewe uliyekwisha kuahidi sadaka kwa mtabiri, ngoja kwanza. Soma sura hiyo nyumbani, polepole, pamoja na watoto. Ukifika mstari wa 29, simama hapo, tuzungumze Jumapili.