Kumwondoa mkubwa bila damu

Sisi tuliokimbia vita tunajua namna mkubwa anavyoondolewa kwa bunduki: anayekimbia ni mwananchi. Basi tujiulize, iko njia ya haki ya kumwondoa kiongozi?

Katiba ya Kenya inatenganisha kazi mbili. Bunge la Kitaifa linashtaki. Seneti inasikiliza na kuamua. Kila upande unahitaji theluthi mbili ya wajumbe wote. Oktoba 2024, Naibu wa Rais, Rigathi Gachagua, alishtakiwa makosa 11, wabunge 281 wakiunga mkono. Alikana yote. Siku ya kujitetea mawakili wake walisema yuko hospitalini. Maseneta wakaendelea bila yeye. Walithibitisha makosa 5, na hata moja lingetosha kumwondoa.

Hatusemi alikuwa na hatia au hakuwa nayo. Lakini swali linabaki: hesabu ya kura ikitimia, haki nayo imetimia? Tunaona bado. Kura inaonyesha wengi wanataka nini. Kweli inapatikana kwa kusikiliza. Nikodemo naye aliwauliza wenzake jambo hilo hilo (Yohana 7:50-51).

Na sisi je? Mara ngapi tumemwondoa mzee wa kanisa kwa maneno ya kwenye bomba la maji, kabla hajaitwa? Tukiwadai wakubwa haki, tuanze nayo nyumbani: anayeshtaki asiwe ndiye anayehukumu, na mshtakiwa asikilizwe kwanza.