Ufa wa Jiko, Ufa wa Nyumba
Somo: 2 Wafalme 12:4-16



Mwezi uliopita kaa la moto lilianguka kutoka kwa jiko letu, likatoboa mkeka ambao kitinda mimba wetu hulalia mchana. Mtoto alikuwa mgongoni mwa mamake. Ni neema tu.

Sasa nikiri ukweli. Mama watoto alikuwa ameniambia tangu Januari, "Baba watoto, udongo wa jiko umepasuka." Nikajibu, "Nitaangalia." Mimi nina digrii ya biashara, nawafundisha akina mama wa chama kuandika matumizi. Lakini kwangu, mkebe wa makaa uliokuwa ukitosha siku mbili ulikuwa unaisha kwa siku moja, na sikuuliza kwa nini. Kazi ya ule udongo wa ndani ni kushika joto. Ukipasuka, unapasha moto upepo wa Doldol.

Nikaona nitengeneze mwenyewe. Nilipaka saruji juu ya ufa. Kesho yake ikabanduka. Nikashuka Nanyuki kwa mafundi wa jua kali kununua udongo mpya. Fundi mmoja akanicheka: "Pasta, ng'oa wa zamani wote kwanza." Nikaugonga, nikakwangua bati likawa safi, nikaketisha udongo mpya na kujaza kando saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, yale magamba mepesi yanayozuia joto. Jioni mkono uliniwasha, nataka kupika chai! Lakini fundi alikuwa ameniambia: iache kivulini siku kadhaa, inyunyizie maji, halafu anza na moto mdogo.

Wapendwa, someni habari za mfalme Yoashi. Pesa za hekalu zilikuwa zinaingia, na makuhani walikuwepo. Lakini hadi mwaka wa 23 wa utawala wake, mabomoko ya nyumba ya Bwana yalikuwa hayajatengenezwa. Shida haikuwa pesa. Naona kila mmoja alikuwa "ataangalia". Ndipo Yehoyada akatoboa kifuniko cha sanduku, akaliweka kando ya madhabahu, na pesa zikafika mikononi mwa maseremala na waashi.

Jiko limenifundisha mambo mawili.

Kwanza, usipake saruji juu ya ufa. Kununua leso mpya si kutubu. Kusema "yaishe" si kutubu. Taja kosa lenyewe, ling'oe. Nilimwambia mke wangu, "Nisamehe. Si jiko tu ambalo nilikuwa siangalii. Hata wewe umekuwa ukiongea, sisikii."

Pili, usiwashe moto siku ile ile. Mke wangu alinijibu neno moja: "Nimesikia." Nilitaka atabasamu, tuombe, iishe. Lakini aliyengoja tangu Januari ana haki ya kukauka polepole. Kazi yangu ni kunyunyiza maji kila siku: kuuliza, kusikiliza, kufika nyumbani mapema.

Jiko sasa linapika, na mkebe umerudia siku zake mbili. Hiyo nyingine bado tunaingoja, na kuna dalili njema.

Mpendwa, ni nani amekuambia jambo ukajibu "nitaangalia"? Kabla ya Jumapili, nenda ukaangalie.

Bwana, tuonyeshe nyufa zetu kabla kaa halijaanguka. Amina.