Mtoto Asiyesajiliwa

Serikali ya China inatambua dini tano: Ubuddha, Utao, Uislamu, Ukatoliki na Uprotestanti. Uhindu haumo. Mimi, Mhindi wa Mombasa, nilikwenda Xiamen kusomea udaktari nikiwa na Krishna kwenye begi: picha ya Shrinathji, yaani Krishna mtoto, mkono wa kushoto juu akinyanyua mlima Govardhan, niliyopewa na bibi. Hakuna aliyenisumbua. Kanuni za 1994 zinamruhusu mgeni aingie na vitu vya dini vya kutumia mwenyewe. Miongoni mwa anayokatazwa ni kuunda jumuiya ya dini na kuwavuta Wachina waifuate.

Sisi wa Pushtimarg, njia ya mwalimu Vallabhacharya, ibada yetu iko nyumbani. Mungu ni mtoto wa nyumba: huamshwa, huvishwa kwa majira, hulishwa, hulazwa. Chakula hakionjwi kabla yake, na vitunguu na saumu haviingii jikoni mwake. Bwenini jiko lilikuwa la wote na sufuria zilinuka nyama ya nguruwe, basi nikamlisha matunda, maziwa na sukari ya mawe. Januari nilimfunika shali.

Sheria ikitaja dini inatazama jengo, mkusanyiko, kiongozi, mahubiri. Kumfunika mtoto shali haikuoni. Rafiki yangu wa Lamu, ambaye msikiti wake ulikuwa na kibali na imamu wake anajulikana ofisini, aliniambia, "Dada, wewe una raha, hakuna anayekuhesabu." Alinichekesha, lakini sikukubali. Bhakti, ibada ya mapenzi kwa Mungu, haikui kwa mtu mmoja. Inataka wenzako, kwaya, sauti zinazopokezana. Usiku wa Janmashtami tulijifungia chumbani na wanafunzi kutoka Gujarat, tukaimba chini chini. Jirani alipouliza tulimjibu ni sherehe ya kuzaliwa, tukampa peremende. Hatukusema uongo, Krishna alizaliwa usiku ule. Lakini ukweli uliopimwa hivyo hukaa vibaya kooni.

Siku moja nikapanda treni hadi Quanzhou, kwenye hekalu la Kibuddha la Kaiyuan. Nyuma ya ukumbi mkuu zipo nguzo mbili za mawe zilizotoka katika hekalu la Kihindu la enzi ya Yuan, wakati wafanyabiashara Watamil walipokuwa na makazi bandarini humo. Vishnu yumo, amekuwa mtu-simba. Krishna naye yumo. Tangu 2021 Quanzhou ni urithi wa dunia, kwa hiyo huyo Krishna analindwa kuliko wangu. Anaruhusiwa kwa sababu hakuna anayemlisha.

Bibi angesema Mungu huchagua anapokaa. Shrinathji mwenyewe, ile sanamu ya asili, aliondolewa Govardhan zama za mfalme Aurangzeb, aliyekuwa akibomoa mahekalu, akafika Nathdwara, Rajasthan, 1672, na wafuasi husimulia kwamba gari lake lilikwama matopeni kwa kuwa alipapenda. Nalipenda simulizi hilo, ila nadhani linawasahau mapema mno waliosukuma gari. Wao walijua wanamkimbia nani.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema imani ya moyoni haihitaji kibali. Ningeletewa fomu, ningeijaza. Penye nafasi ya kiongozi ndipo ningekwama: nyumbani kwetu anayeamua ni mtoto, naye hana sahihi.